Sanamaki: kipimo chake ni kipi, na utumbo "unaizoea" kweli?

Duka_la_Mitishamba

Wakuu, salaam. Naandika karatasi ya maelekezo ya kuweka ndani ya pakiti za sanamaki: majani makavu ya gramu 50 na unga wa gramu 100. Mpaka sasa maelekezo ni ya mdomo tu, "konzi moja kwenye maji ya moto, kunywa usiku", na kila muuzaji ana konzi yake. Wanunuzi ni wa aina tatu: waliofunga choo, wanaotaka kusafisha tumbo mara moja moja (wengi wao kwa kuwa ni dawa ya Sunna), na wanaotaka kupunguza kitambi. Hao wa mwisho ndio wanaorudi kila wiki, na baadhi yao wanasema bila sanamaki choo hakitoki tena.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie: kipimo kwa gramu, siyo kwa konzi, faida iliyothibitishwa ni ipi, huko kuzoea ni uraibu au ni utumbo umeharibika, na aliyekwisha kuzoea anaachaje. Asanteni.

Mfamasia_Kisauni

Nianze na kipimo, maana hapo ndipo mengi yanapoharibikia.

Kinachofanya kazi ndani ya sanamaki (Senna alexandrina, ingawa kwenye maboksi mengi bado utaikuta kwa majina ya zamani, Cassia senna au Cassia angustifolia) ni senosidi. Mamlaka ya dawa ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 30 kwa siku kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyepita miaka 12, na wengi miligramu 15 zinawatosha. Jani la kiwango cha famakopia (kitabu rasmi cha viwango vya dawa) lilitakiwa liwe na angalau asilimia 2.5 ya viambato hivyo, yaani gramu 1 ya jani kavu ina miligramu 25 hivi. Kwa hiyo anzia gramu nusu, na gramu 1 iwe ndiyo ya kawaida, mara moja usiku. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeandika gramu 1 hadi 2, na hilo lina maana yake kwa sababu chai haikamui kila kilichomo kwenye jani, lakini kwenye karatasi ya dukani mimi nisingevuka 1.

Sasa chukua mizani upime konzi. Hata ikitoka gramu 5 tu, hapo umempa mtu miligramu 125, mara nne ya kikomo. Msokoto wa tumbo na kuharisha maji usiku kucha hutokana na hilo, halafu watu husifia kwamba "imesafisha kweli".

Jambo la pili la kuandika kwa herufi kubwa ni muda. Senosidi hazifyonzwi tumboni wala kwenye utumbo mwembamba. Zinashuka zilivyo mpaka utumbo mpana, na huko bakteria ndio wanaozivunja na kutoa reini-anthroni, ambayo inachochea utumbo usukume na papo hapo inazuia maji na chumvi kufyonzwa kurudi mwilini. Safari hiyo inachukua saa 6 hadi 12. Mtu anakunywa saa 2 usiku, ikifika saa 4 hajaona kitu, anaongeza kikombe. Asubuhi anakumbana na vyote viwili kwa pamoja.

Kutokana na njia hiyo hiyo, suala la kitambi limeshajibiwa. Chakula kikifika utumbo mpana, sukari, mafuta na protini zake zilikwisha kufyonzwa huko juu. Kilo moja au mbili zinazopungua kwenye mizani ni maji na kinyesi, na zinarudi mtu akishanywa maji na kula.

Faida iliyothibitishwa ni moja: kufungua choo. Na hiyo imethibitishwa vizuri. Tembe za senna za miligramu 7.5 zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Kuna jaribio la Japani lililochapishwa 2021 kwa watu wenye tatizo sugu la kufunga choo: waliopewa gramu 1 ya senna kwa siku kwa siku 28, asilimia 69 hivi walipata nafuu, wakati wa dawa bandia walikuwa kama asilimia 12. Magnesi oksaidi, dawa nyingine ya kufungua choo, ilitoa matokeo karibu sawa na senna, jambo ambalo wauza sanamaki hawapendi kulitaja. Kutoa sumu mwilini, kusafisha damu, kuondoa chunusi, kushusha kisukari: hayo yaondoe kwenye tangazo lako.

Tabibu_77

Mimi ningekushauri uache kuiuza kabisa. Sanamaki inaua neva za utumbo. Miezi sita tu na utumbo unalegea kama lastiki iliyochakaa, haurudi tena. Ndiyo maana hao wateja wako hawapati choo.

Nesi_wa_Endoskopi

Tabibu, hilo la neva kufa limerudiwa sana, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Picha za utumbo uliotanuka na kulegea zilitoka kwa watu waliotumia haluli kali kwa miaka mingi, enzi ambazo vitu kama podofilini vilikuwa bado vinatumika. Uchunguzi wa baadaye haukuthibitisha kwamba sanamaki kwa kipimo cha kawaida inaua neva. Kuna wagonjwa wanaopewa senna kila siku kwa miezi, na ndivyo inavyotakiwa: wanaotumia mofini kwa maumivu ya saratani. Mofini inafunga choo kila siku, kwa hiyo dawa ya choo nayo ni ya kila siku, chini ya uangalizi.

Kinachoonekana kwenye kamera kwa mtumiaji wa muda mrefu ni utumbo mpana kugeuka rangi, kahawia mpaka karibu nyeusi, kitaalamu melanosisi koli. Hutokea baada ya miezi kadhaa ya kutumia kila siku. Inatisha kuitazama, lakini haiumi, haijathibitishwa kuleta saratani, na mtu akiacha hufifia ndani ya miezi 6 hadi 12 hivi.

Basi kwa nini watu wananasa? Duka, hapa ndipo pa kusoma polepole, kwa sababu mteja wako anapokwambia "bila hiyo sipati choo", mara nyingi anakuelezea mambo manne yaliyochanganyika.

La kwanza na la kawaida kuliko yote ni siku tupu. Siku ya kawaida mtu hatoi kila kilichomo kwenye utumbo mpana, anatoa sehemu ya mwisho tu. Sanamaki kwa kipimo kikubwa inakomba karibu vyote. Baada ya hapo utumbo unahitaji siku 2 hadi 3 kujaa tena mpaka hamu ya choo ije. Siku hizo mtu anakaa chooni, hakuna kitu, anasema "nimefunga tena", anakunywa kikombe kingine. Hajafunga. Hana cha kutoa! Ukimwondolea mtu kosa hilo moja, wengi wataacha bila shida yoyote.

Kisha potasiamu. Kuharisha mara kwa mara kunaimwaga, na misuli ya utumbo, kama misuli mingine yote, haisukumi vizuri potasiamu ikiwa chini. Choo kinazidi kuwa kizito, mtu anaongeza dozi, potasiamu inashuka zaidi. Dalili zake ni miguu kukosa nguvu, kukakamaa misuli, uchovu, moyo kuruka mapigo. Kipimo cha damu ni cha kawaida tu, na kiwango salama ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Chini ya 3.0 ni jambo la hospitali, siyo la kula ndizi mbili.

La tatu linawapata zaidi wale wa kitambi. Mwili unaopoteza maji kila siku unajibu kwa kupandisha homoni ya aldosteroni, inayoziambia figo zishike chumvi na maji. Siku mtu anapoacha sanamaki ghafla, homoni bado iko juu lakini maji hayatoki tena. Miguu inavimba, uso unajaa, mizani inapanda kilo 2 au 3 ndani ya siku chache. Anahitimisha kwamba kuacha kumemnenepesha, anarudi. Uvimbe huo huisha wenyewe ndani ya wiki 1 hadi 3, lakini nani amemwambia?

Na mwisho, chanzo cha mwanzo bado kipo pale pale. Vidonge vya madini ya chuma, kodeini, tramadoli, tezi ya shingo iliyozembea, kisukari cha miaka mingi, chakula cha sembe na chai tupu: vyote hivi vinafunga choo, na sanamaki haiondoi hata kimoja.

Uraibu wa aina ya tramadoli au sigara, hapana. Haishiki ubongo na haileweshi. Lakini yuko mtu ambaye hawezi kula chakula bila kukitoa, anakunywa kila baada ya mlo na kuficha. Huyo tatizo lake siyo utumbo, ni uhusiano wake na chakula na mwili wake, na anahitaji mtu wa afya ya akili. Dukani utamjua kwa anavyonunua: pakiti mbili tatu kwa wiki, na kila mara anasema ni za mtu mwingine.

Mkausha_Majani

Niongeze upande wa jani lenyewe, wenzangu wamemaliza upande wa mwili.

Jani la sanamaki lina utomvu, na utomvu huo ndio wengi wetu tunaoulaumu kwa msokoto. Maji ya moto yanauyeyusha zaidi kuliko maji baridi. Ukitaka dawa laini, loweka gramu 1 kwenye maji baridi ya kunywa, kikombe cha mililita 200, asubuhi. Funika, kaa nayo saa 10 hadi 12, chuja kwa kitambaa, kunywa usiku. Kwa maji ya moto, mimina yaliyochemka juu ya majani, funika dakika 10 hadi 15, chuja. Usiyachemshe jikoni majani yakiwa ndani. Kipande cha tangawizi au mbegu kidogo za shamari hupunguza gesi, na pia huficha ile ladha ya kichefuchefu. Maganda yake bapa yana utomvu mdogo kuliko majani na wengi huyavumilia vizuri zaidi, ila masokoni kwetu hayaonekani sana.

Jani zuri lina urefu wa sentimita 2 hadi 5, ncha iliyochongoka, rangi ya kijani iliyopauka. Alama ya kuaminika ni kitako chake: pande mbili za jani hazikutani sawasawa kwenye kikonyo, upande mmoja unaanzia chini kuliko mwingine. Likiwa la kahawia limekaa sana au limelowa. Ukikuta vijiti, mawe na mbegu za duara, rudisha mzigo. Kuna jamaa zake wanaoota kwetu ambao watu huwachanganya nao, mjohoro (Senna siamea) na mwingajini (Senna occidentalis). Hizo siyo sanamaki, na mbegu za mwingajini ni sumu.

Ndiyo maana unga mimi siupendi. Ukishasagwa huoni kitako cha jani, huoni vijiti, huoni chochote. Halafu unga haunywewi kama chai, unalambwa. Kijiko cha chai kinabeba gramu 2 hivi, na zote zinaingia mwilini, miligramu 50 za senosidi bila kupungua. Ukiniuliza mimi, huo unga acha.

Duka_la_Mitishamba

Shukrani sana. Nimepima konzi ya mezani kwetu: gramu 7. Nadhani sihitaji kusema zaidi.

Sasa, aliyekunywa kila siku kwa miezi mitano, sita, nimwambie aache siku hiyo hiyo au apunguze? Na wateja wanaotumia dawa za presha?

Nesi_wa_Endoskopi

Apunguze, huku akianza kitu kingine cha kushika nafasi yake. Hakuna ratiba moja iliyoandikwa kwenye jiwe, lakini hii inafanya kazi kwa wengi.

Wiki ya kwanza asibadilishe dozi ya sanamaki. Aanze nyuzinyuzi na maji tu: maganda ya isabgoli kijiko kimoja cha chai mara moja kwa siku, kwenye glasi nzima ya maji, akinywa hapo hapo kabla hayajaganda, na glasi nyingine juu yake. Isabgoli bila maji ya kutosha inaziba badala ya kufungua. Baada ya siku chache apande mara mbili kwa siku. Chakulani: dona badala ya sembe, kikombe cha maharage au mbaazi kwa siku, mchicha, papai. Lengo ni gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi, na kikombe cha maharage yaliyopikwa peke yake kinakaribia nusu ya hizo. Apande taratibu, akirukia zote siku moja atajaa gesi na kusema chakula kimemdhuru.

Kuanzia wiki ya pili akate robo ya dozi kila wiki. Hapa ndipo mizani inapoonyesha thamani yake, huwezi kukata robo ya konzi. Akifika gramu nusu, anywe siku moja na kuruka moja, kisha mara mbili kwa wiki, kisha basi. Siku ya tatu bila choo kabisa asirudie sanamaki, atumie dawa inayovuta maji kwenye utumbo: makrogoli gramu 17 kwenye glasi ya maji, au laktulosi mililita 15 hadi 30. Laktulosi inaweza kuchukua siku mbili, mwambie mapema asije akaongeza.

Aende chooni zikishapita dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, kila siku wakati uleule, maana chakula kikishuka ndipo utumbo mpana unaposukuma. Kukaa dakika kumi kunatosha, asikamue, atapata bawasiri. Choo cha kuchuchumaa kinanyoosha njia kuliko cha kukaa; mwenye choo cha kukaa aweke stuli ya sentimita 20 chini ya miguu.

Na umweleze kabla hajaanza: choo mara tatu kwa wiki, kikiwa laini, ni kawaida. Siyo lazima kila siku. Kilo mbili zitakazopanda ni maji. Asipoambiwa haya mawili, ratiba yote haimfikishi popote.

Ila aliyetumia dozi kubwa kwa miezi, mwenye misuli dhaifu au moyo unaoruka, huyo asianze ratiba yoyote kabla ya kupima potasiamu na figo.

Tabibu_77

Nesi, nakubali kuhusu neva. Lakini bado nasema kwa wale wa kitambi asiuze.

Nesi_wa_Endoskopi

Hapo tuko pamoja.

Mfamasia_Kisauni

La presha. Siyo dawa zote za presha zenye tatizo, ni zile za kukojoza: furosemidi, haidroklorothiazidi na ndugu zake. Nazo zinatoa potasiamu, ukiongeza sanamaki zinakuwa mbili zinazovuta upande mmoja. Vivyo hivyo prednisoloni kwa muda mrefu, na urukususu, ule mzizi mtamu ambao pengine mnauuza rafu ya pili. Hatari kubwa kuliko zote ni digoksini, dawa ya moyo: potasiamu ikishuka, dozi ile ile ya digoksini aliyokuwa akiimeza salama inageuka sumu kwa moyo. Mwenye digoksini usimuuzie.

Wengine wa kutouziwa: chini ya miaka 12 (kwa mtoto mwenye nepi, kinyesi chake kinaweza kuchubua makalio mpaka malengelenge), mjamzito na anayenyonyesha bila ushauri wa kliniki, mwenye vidonda vya utumbo mpana au ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), na yeyote mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo. Huyo wa mwisho ndiye anayetufia. Kidole tumbo kinaanza kama "tumbo limejaa", mtu anapewa haluli, na kidole tumbo kinapasuka. Hapati choo, hapitishi hata upepo, anatapika: utumbo umeziba, ni hospitali usiku huo huo. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, au choo kubadilika ghafla kwa mtu aliyepita miaka 45, naye akapimwe kwanza.

Kuhusu pakiti. Gramu 50 ni dozi 50. Mtu anayefuata maelekezo, mara mbili au tatu kwa wiki na asizidi wiki 1 hadi 2 bila kumuona mtaalamu, anahitaji gramu 6 kwa juu kabisa. Pakiti yako peke yake inamwambia atumie miezi. Uingereza mwaka 2020 walipunguza ukubwa wa pakiti za vidonge vya aina hii vinavyouzwa bila mfamasia, kwa sababu hiyo hiyo. Funga vifuko vya gramu 1, sita kwa bahasha. Bei kwa gramu itapanda, na hilo siyo baya.

Kama unauza pia zile chai za kupunguza uzito zilizoagizwa nje, geuza boksi usome viambato. Folium Sennae, Cassia angustifolia, Fan Xie Ye: zote ni sanamaki hii hii, na mtu anaweza kuwa anakunywa chai na majani yako kwa pamoja akidhani ni vitu viwili. Mteja akilalamika mdomo kukauka, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio, hiyo siyo tabia ya sanamaki. Baadhi ya bidhaa za kukondesha zimewahi kukutwa na sibutramini ndani bila kuandikwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010. Ondoa boksi hilo kwenye rafu.

Na weka mstari mmoja kuhusu mkojo. Sanamaki inaweza kuugeuza njano iliyokolea, hata mwekundu kidogo, na ukiacha unarudi kawaida. Usipouandika, simu za asubuhi utazipokea wewe.